Aliyeanguka Mtihani Asiachwe Peke Yake

Katika lugha yetu, neno mtihani lina maana mbili: maswali anayowekewa mwanafunzi, na uzito anaoshushiwa mja ili ijulikane subira yake. Mara nyingine maana zote mbili humfika mtu siku moja.

Tumtazame binti mmoja wa Mombasa, mfano wa wengi tunaowajua. Amejifunza ufundi wa mitandao ya kompyuta, na azma yake ni kupata cheti cha CCNA kinachotolewa na kampuni ya Cisco. Ada ya mtihani ni dola 300 za Kimarekani. Mama yake, muuza mahamri, alipofikiwa na zamu yake ya chama alimkabidhi fedha zote. Binti akakaa mbele ya kompyuta kwa dakika 120, na matokeo yakaja kuwa hakufaulu. Alirudi nyumbani, akavua buibui, akajifunika shuka na kusema kichwa chamuuma. Siku tatu hakumwambia mtu. Kilichomziba kinywa ni zile fedha za mahamri.

Hapa ndipo wazazi tulipo na wajibu. Neno letu la kwanza huenda likaamua kama mtoto atarudi mezani au ataviweka vitabu juu ya kabati. Fedha ni jambo la kuzungumzwa, lakini lina siku yake. Siku ya kwanza ni ya chai, dua na kumwachia alie. Wala habari hiyo isivuke kizingiti cha mlango. Ni siri yake, hata kwa jirani mwema.

Machozi yakikauka, aitoe ripoti ya matokeo na kuisoma kwa utulivu. Mtihani huu una sehemu sita zenye uzito tofauti: misingi ya mitandao asilimia 20, kuviunganisha vifaa na mtandao 20, kupitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine 25, huduma za mtandao 10, usalama 15, na kuendesha mitandao kwa programu 10. Ripoti humwonyesha alivyofanya katika kila sehemu. Huenda akaona kwamba usalama aliumudu, na kwamba alikwama kwenye rauta na njia za data. Sehemu hiyo pekee ni robo ya mtihani. Basi amepata pa kuanzia.

Kanuni za Cisco humtaka aliyeanguka angoje siku 5 kabla ya kurudia. Lakini anayekimbilia siku ya sita kwa uchungu huenda akalipa ada nyingine kamili kwa makosa yale yale. Afadhali ajipe majuma kadhaa yenye mpango. Baada ya sala ya alfajiri, nyumba ingali kimya, atenge nusu saa ya kugawanya anwani za mtandao kwa kalamu na karatasi mpaka mkono uzoee. Usiku afanye mazoezi kwa Packet Tracer, programu ya Cisco inayopatikana bure, ambayo humpa rauta na swichi za kuigiza bila kununua kifaa. Mwisho wa juma ajipime kwa saa mbili mfululizo, wala asirudie swali alilokwisha kulipita, kwa kuwa mtihani wenyewe hauruhusu kurudi nyuma. Katika saa hizo mbili, wadogo zake wapelekwe kwa bibi, na vyombo vioshwe na kaka zake; hawatavunjika mikono.

Kuna kishawishi cha kuonywa nacho mapema. Wapo wanaouza maswali yaliyoibwa, wakiahidi ushindi wa siku chache. Mtahiniwa hukubali masharti ya kutunza siri ya mtihani, na akibainika amedanganya kampuni yaweza kumfutia matokeo na kumzuia kufanya mitihani yake. Zaidi ya hayo, dini yetu imekemea ghushi, na mshahara utakaojengwa juu yake ndio utakaonunua chakula cha watoto. Na siku mtandao wa hospitali utakapozimika usiku, maswali ya kukariri hayatauwasha.

Kuhusu ada ya pili, mama na binti wakae pamoja waandike nani ataweka kiasi gani kila juma. Binti naye aweza kuchangia kwa kuchapa barua za watu au kuwafundisha watoto wa mtaani kompyuta.

Na mama asiseme kwamba hana elimu ya kumsaidia. Jioni, akikanda unga, amwambie: "Mwanangu, hebu nieleze hiyo rauta huijuaje njia." Akiweza kumfafanulia mamake kwa Kiswahili chepesi, na mama akaelewa, na majaribio yake ya nyumbani yakawa mazuri juma baada ya juma, basi wakati wa kulipa ada umefika, inshallah.