Wabunifu wa menyu za simu watafutana, mfanyabiashara wa mpakani anufaika

MFANYABIASHARA wa mchele anayevuka daraja la Rusumo kila wiki huwa na laini mbili za simu mfukoni. Upande wa Rwanda anabonyeza *182# kufungua akaunti yake ya MTN, na akifika upande wa Tanzania anabonyeza *150*00# kufungua M-Pesa ya Vodacom. Akiwa ni mtu wa kufika mpaka Kabale, huongeza laini ya Uganda ya *165#.

Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyepanga maneno yanayotokea hapo, kwa nini kutuma pesa kumetangulia na salio likawekwa chini, au kwa nini huduma hukatika ukichelewa kidogo kujibu.

Mimi ni mmoja wa watu wanaofanya kazi hiyo. Wenzetu wa Marekani wanaiita kazi ya uzoefu wa mtumiaji, jina lililoanza kuvuma mwaka 1993 wakati Donald Norman alipokuwa katika kampuni ya Apple. Kiswahili chake bado kinatusumbua ulimi, na nikimwambia mama mkwe kwamba mimi ni mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji, ananitazama tu. Kwa hiyo hujitambulisha kama mpangaji wa menyu za simu.

Kazi yenyewe ina masharti magumu. Ujumbe mmoja wa huduma hizi za nyota na reli una nafasi ya herufi 182 tu. Humo lazima uingize swali, majibu yote na namba za kuchagua, na msomaji ni mtu aliyesimama juani na gunia miguuni, huku anayemdai akimngoja.

Niliporejea Kigali kutoka Dar es Salaam mwaka 2012, nilikuwa na kazi nzuri za kuonyesha na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Taasisi moja ya fedha, ambayo sitaitaja, iliniuliza cheti changu kimetolewa na bodi gani. Nikawaeleza kwamba fani hii haina bodi, wakanishukuru kwa kufika, na wala hawakulifungua faili langu.

Ndugu msomaji uliyerejea unalifahamu jambo hili. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa utekelezaji wake nao una shida zake. Mpangaji wa menyu hana kitu cha namna hiyo. Akivuka mpaka, kinachovuka naye ni neno la mtu aliyekwisha kuiona kazi yake.

Hapo ndipo linapokuja suala la kujuana, na nakiri neno hilo linanuka. Kwa mtu aliyekulia ugenini, kujuana maana yake ni kazi kupewa mtoto wa shangazi. Sizungumzii hilo. Nazungumzia watu wa fani moja kuonyeshana kazi na kukosoana bila kuoneana haya, kisha kutajana pale nafasi inapotokea. Kwa aliyerejea bila shangazi yeyote mjini, njia hiyo ndiyo ya haki kuliko zote nilizoziona.

Bahati yetu ilikuwa kwamba mwaka huo huo wa 2012 kituo cha kLab kilifunguliwa hapa Kigali, mahali ambapo kijana mwenye kompyuta aliweza kuketi na wenzake. Nairobi walikuwa wametangulia na iHub mwaka 2010. Vituo hivi vilijaa watengeneza programu, na wapangaji tulikuwa wachache tukijibanza pembeni, lakini pembe hiyo ilitosha kuanzia.

Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tu. Wafanyabiashara walilifurahia hilo, na sisi pia, kwa sababu mtu asiye na pasipoti aliweza kupanda basi jioni na kuwafuata wenzake Nairobi. Mwezi Novemba mwaka 2016 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa AfriCHI, unaokutanisha watafiti na wabunifu wa Afrika wanaoshughulikia uhusiano kati ya mtu na kompyuta. Miaka miwili baadaye ulifanyika Windhoek, Namibia.

Katika mikutano ya aina hiyo hotuba huwa nyingi kuliko chai. Hata hivyo, faida kubwa nimeipata nje ya ukumbi, kwa kumwonyesha mtu skrini moja inayonishinda na kumuuliza yeye angefanyaje. Kadi za biashara huishia kwenye mfuko wa koti. Aliyekusaidia kutatua skrini moja hakusahau, maana na yeye ana ya kwake.

Nitatoa mfano. Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita kukagua menyu kilizokuwa kimetengenezewa na fundi mwingine. Kwa Kinyarwanda, kuweka akiba ni kubitsa na kutoa ni kubikuza. Maneno hayo mawili yalikuwa yamepangwa moja chini ya jingine, kwenye simu yenye kioo cha ukubwa wa kiberiti.

Wanachama waliosomea hapa hawakuona tatizo. Wale waliokulia Karagwe na Ngara, ambao Kinyarwanda wanakisema vizuri lakini kukisoma wamekuanza ukubwani, waliyachanganya mbele ya macho yangu. Mama mmoja muuza vitenge aliniambia kwamba kila Ijumaa humpa mwanawe simu ambonyezee. Maana yake mtoto anaijua namba ya siri ya mama, na anajua mama ana kiasi gani.

Chama kilitaka maneno yabadilishwe. Niliwaandikia wenzangu watatu, mmoja Kampala na wawili Dar es Salaam, nikiwaeleza tatizo bila kutaja mteja. Yule wa Kampala alijibu usiku huo huo: maneno hayana kosa, kosa ni ujirani wake. Akashauri kutoa kupelekwe mwisho wa menyu, na kabla ya namba ya siri uingie mstari mmoja unaosema pesa kiasi gani zinatoka wapi kwenda wapi.

Tulijaribu na wanawake wale wale, yule wa vitenge akiwemo. Safari hii alibonyeza mwenyewe, akasoma ule mstari kwa sauti, akairudisha simu kwenye mkoba.

Malipo ya kazi ile hayakuwa makubwa. Lakini mwenzangu wa Kampala alipopata kazi iliyohitaji Kinyarwanda, alinitaja mimi kwa mteja wake, na mpaka leo tunapeana kazi. Siri za mteja hatupeani, na anayevunja sharti hilo hapigiwi simu tena.

Kwa kijana anayeanza, ushauri wangu ni huu: asiombe kazi katika salamu ya kwanza. Apeleke swali dogo lenye picha ya skrini, jinsi ilivyokuwa na jinsi alivyoirekebisha, na aseme ni watu wangapi waliijaribu. Kila Alhamisi ya pili ya Novemba huadhimishwa Siku ya Urahisi wa Matumizi Duniani, iliyoanza mwaka 2005. Hiyo ni siku nzuri ya kuwaita wenzake watano mezani, hata kama ni kwenye mgahawa wa chai na mandazi.

Wafanyabiashara nao wamo katika mtandao huu, ingawa hakuna anayewaalika Nairobi. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya jambo hilo walilolianzisha wao.

Kwa hiyo ukimwona mtu pale Rusumo au Gatuna anakuomba ujaribu menyu kwenye simu yake, mwulize kwanza ametumwa na nani. Namba yako ya siri usimwonyeshe. Mpangaji wa kweli huja na simu yake na pesa za bandia. Kisha mdai fidia ya muda wako. Mimi hulipa faranga elfu mbili na soda, na yule mama wa vitenge ameshaniambia kuanzia mwezi ujao ni elfu tatu.