Kiwambo Kinapozimika: Juu ya Kuokoa Maandishi Yasiyohifadhiwa katika Kipakatalishi

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi hurejea kutoka nyanjani akiwa na sauti alizozinasa, kisha hukaa majuma kadhaa akizinukuu neno kwa neno. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa kipakatalishi kuliko kwa kalamu. Na ichukuliwe kwamba mtafiti huyo amenukuu utenzi tangu asubuhi hadi alasiri bila kuhifadhi, kisha kiwambo kikaingia giza kwa ghafla. Hapo ndipo wengi hukosea. Hukishikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, wakitumaini kwamba ikiwashwa upya kila kitu kitarudi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini tendo hilo ndilo linaloangamiza kazi, na ni njia zipi zifaazo kufuatwa badala yake.

Kiwambo, Kumbukumbu na Diski

Neno kiwambo linatokana na kitenzi wamba, yaani kutandaza ngozi na kuikaza juu ya ngoma. Maana hiyo ya asili inafaa sana hapa. Ngozi ya ngoma ikipasuka, mzinga wake hubaki mzima. Vivyo hivyo, kiwambo cha kipakatalishi ni mahali pa kuonyeshea maandishi tu. Maandishi yenyewe hayakai hapo. Mwandishi anapopiga chapa, maneno yake huingia katika kumbukumbu ya muda, ambayo hutegemea umeme wakati wote. Umeme ukikatika, yaliyomo hufutika katika muda mfupi sana. Anapohifadhi ndipo maneno yanapoandikwa katika diski, ambako hubaki hata mashine ikizimwa.

Kutokana na tofauti hiyo, kanuni ya kwanza ni kwamba mashine isizimwe. Kanuni ya pili ni kuiunganisha na umeme mara moja, ili betri isije ikaisha kabla ya kazi kuokolewa.

Kuutambua Ugonjwa

Kabla ya lolote, yafaa kujua kama mashine ingali hai. Feni ikisikika, au taa ndogo ya kitufe cha Caps Lock ikiwaka na kuzimika kila kinapobonyezwa, basi mashine inafanya kazi na maandishi yamo. Baada ya hapo kiwambo kimulikwe kwa tochi kutoka ubavuni. Katika viwambo vingi, picha hufanywa na tabaka moja na mwanga hutoka katika tabaka jingine lililo nyuma yake. Maandishi yakionekana kwa mbali chini ya tochi, kilichokufa ni mwanga wa nyuma peke yake, na mtu anaweza kuendelea kusoma kwa shida na kuhifadhi. Picha ikija na kupotea kadiri kifuniko kinavyoinamishwa, yaelekea waya upitao katika bawaba umelegea au umekatika. Mistari na madoa meusi baada ya mashine kuanguka huashiria kwamba kioo chenyewe kimevunjika.

Pengine kasoro imo katika programu inayoongoza picha. Katika Windows 10 na zilizofuata, kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na Ctrl, Shift na B huianzisha upya programu hiyo bila kuzifunga kazi zilizo wazi.

Kuhifadhi Gizani

Ikiwa maandishi ndiyo yaliyokuwa wazi mbele ya mwandishi, na faili lilikwisha kupewa jina, inatosha kubonyeza Ctrl pamoja na S. Faili likiwa halina jina bado, programu ya Word huuliza jina na kupendekeza moja. Mara nyingi kubonyeza Enter hulikubali pendekezo hilo. Hata hivyo, asiyeona hawezi kuwa na hakika, na kwa hiyo inambidi atafute kiwambo kingine.

Chuoni jambo hili ni jepesi, kwa kuwa projekta zimo katika kumbi za mihadhara. Projekta, au hata televisheni ya nyumbani, huunganishwa kwa waya wa HDMI, na mara nyingi picha hutokea yenyewe. Isipotokea, kitufe cha Windows kibonyezwe pamoja na P, kisha mshale wa chini na Enter; hatua hiyo irudiwe mpaka picha ionekane. Kadhalika, Windows ina msomaji wa sauti anayeamshwa kwa kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na Enter. Sauti ya Kiingereza itayatamka maneno ya Kiswahili kwa namna ya kuchekesha, lakini itatosha kumjulisha mwandishi amefika wapi. Faili likishahifadhiwa, linakiliwe papo hapo katika flashi.

Mashine Ikiwa Imekwisha Kuzimwa

Hata hapo si yote yaliyopotea. Word, isipobadilishwa na mtumiaji, hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Programu ikifunguliwa tena, nakala hiyo kwa kawaida huonyeshwa pembeni; isipoonyeshwa, itafutwe katika menyu ya faili, mahali pa kurejesha maandishi yasiyohifadhiwa. Aidha, kubadilisha kiwambo hakuhitaji kufuta diski, na fundi aambiwe hivyo waziwazi kabla hajaanza kazi. Mashine ikiwa haitengenezeki, diski yake yaweza kutolewa na kusomwa katika mashine nyingine, isipokuwa pale ilipogandishwa kwenye ubao mkuu. Ikiwa imefungwa kwa usimbaji, mwenyewe hana budi kuwa na ufunguo wake.

Hitimisho

Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, ziliishi kwa miaka mingi katika kumbukumbu za watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor walizikusanya na kuziandika, na ndipo Diwani ya Muyaka ilipoweza kuchapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Zile ambazo hazikuandikwa ziliondoka pamoja na waliozikumbuka. Mtafiti wa leo amewekwa mahali pale pale. Mzee aliyemwimbia utenzi huenda asiwepo mwakani kuuimba tena, na maandishi yaliyo katika kumbukumbu ya mashine ni dhaifu kuliko yaliyo katika kumbukumbu ya mzee huyo. Kwa hiyo inafaa kila aya inapokamilika ihifadhiwe, na kila siku inapokwisha nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Anayezoea hivyo, kiwambo kikizimika, atakuwa amepoteza kioo tu.