Kununua Gari Lililotumika: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Ndugu msomaji, siku hizi watu wengi wa vijijini wanafanya kazi au biashara mbali na nyumbani. Mwalimu anakaa kijiji hiki na kufundisha kijiji kingine. Mfanyabiashara anakwenda mjini kila siku na kurudi jioni. Watu kama hawa hufika mahali wakafikiria kununua gari.

Gari jipya ni ghali sana. Kwa hiyo wengi wetu hununua gari lililokwisha kutumika. Magari mengi ya namna hii hapa Tanzania yanatoka Japani. Huko, kama hapa kwetu, magari hupita upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia.

Kununua gari lililotumika si kosa. Hatari ni kununua bila kukagua. Fedha za korosho au za mahindi za miaka mitatu zinaweza kupotea kwa siku moja. Somo hili litatuonyesha jinsi ya kuchagua.

1. Piga hesabu kabla ya kwenda sokoni

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari na kalamu. Andika safari yako.

Tuseme kazini ni kilomita 40. Kwenda na kurudi ni kilomita 80. Kwa siku 5 za kazi ni kilomita 400. Kwa majuma 4 ni kilomita 1,600.

Sasa tuseme kuna magari mawili. Gari la kwanza ni dogo. Lita moja ya mafuta inalipeleka kilomita 16. Gari la pili ni kubwa. Lita moja inalipeleka kilomita 8 tu. Gari la kwanza litatumia lita 100 kwa mwezi. Gari la pili litatumia lita 200.

Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Hii ni bei ya mfano tu. Wewe weka bei ya kituo chako. Gari la kwanza litakula shilingi 300,000 kwa mwezi. Gari la pili litakula shilingi 600,000. Tofauti ni shilingi 300,000 kila mwezi.

Huenda gari kubwa linauzwa kwa bei ndogo zaidi, pungufu ya shilingi 2,000,000. Mnunuzi anafurahi. Lakini baada ya miezi 7 amekwisha kulipa shilingi 2,100,000 zaidi kwa mafuta. Faida yote imekwisha. Kumbe gari la bei ndogo limekuwa ghali.

Linganisha pia na basi. Kama nauli ni shilingi 4,000 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 20 ni shilingi 80,000. Hizo ni chache kuliko mafuta ya gari dogo. Basi gari lina maana kama basi halipo, au linachelewesha kazi, au una mizigo, au mko wenzi wanne wa kazini mnaochangia mafuta. Shilingi 300,000 kwa watu wanne ni shilingi 75,000 kila mmoja. Tena hapo hatujahesabu matengenezo. Na tukumbuke: kubeba abiria kwa nauli ni biashara. Inahitaji leseni yake na bima yake.

2. Usimalize fedha zote kwa kununua

Kama una shilingi 10,000,000, usinunue gari la shilingi 10,000,000. Tafuta la shilingi 8,000,000. Zinazobaki zitalipa bima, kubadili jina la mwenye gari, oili mpya, na pengine matairi au betri. Gari lililotumika karibu siku zote linataka kitu mwezi wa kwanza.

3. Chagua gari ambalo fundi wako analijua

Usichague gari kwa sababu linang'aa. Uliza fundi wa karibu: "Hapa mjini kwetu, spea za gari gani zinapatikana kwa urahisi?" Katika sehemu nyingi za Tanzania atakutajia magari ya Toyota. Mfano mmoja ni Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002. Ilitengenezwa kwa kazi ya kubeba bidhaa, na zile za mwanzo zina injini ndogo ya ukubwa wa cc 1,300 au 1,500. Gari zuri lisilo na spea litalala uwani.

Tazama pia njia yako. Kama wakati wa masika njia ina matope na mashimo, gari la chini sana litagusa tumbo. Lakini usinunue gari kubwa la magurudumu manne yenye nguvu kwa ajili ya majuma mawili ya matope, wakati mwaka mzima unapita lami.

4. Kagua injini ikiwa baridi

Nenda asubuhi. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti. Kama ina joto, uliza kwa nini. Injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi. Muuzaji mjanja huipasha moto kwanza ili uchovu usionekane.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi imetumika tu, nayo hubadilishwa. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Huo ni ugonjwa mkubwa. Liache gari hilo.

Fungua rejeta ikiwa baridi utazame maji yake. Kamwe usifungue rejeta ya moto. Maji yatakurukia na kukuunguza.

Sasa washa gari, kisha tazama moshi.
Moshi wa bluu: injini inaunguza oili. Imechakaa.
Moshi mweusi: mafuta hayaungui vizuri.
Moshi mweupe mwingi usiokoma: huenda maji yanaingia ndani ya injini. Mvuke kidogo asubuhi ya baridi si kitu.

5. Kagua bodi, matairi na kilomita

Tazama chini ya gari. Kutu ya juu juu si kitu. Kutu iliyotoboa chuma ni hatari. Tazama rangi juani. Kama mlango mmoja una rangi tofauti, huenda gari liligongwa. Inua zulia la ndani. Ukikuta matope au harufu ya uvundo, huenda gari lilizama majini. Nyaya zake zitasumbua siku zote.

Matairi yana tarehe. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho ndani ya alama ndogo kama yai. Namba 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani hukauka na kupasuka hata kama bado lina meno.

Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Usiiamini peke yake. Kama saa inasema kilomita 60,000, lakini mpira wa pedeli ya breki umelika, usukani umechubuka na kiti cha dereva kimebonyea, vitu hivyo vinasema kweli kuliko saa.

6. Liendeshe

Liendeshe kwenye lami na kwenye njia mbaya. Kama hujui kuendesha, nenda na dereva unayemwamini. Mahali pasipo watu, funga breki kwa nguvu. Gari lisimame bila kuvuta upande mmoja. Kata kona kali polepole. Ukisikia ta-ta-ta mbele, viungo vya magurudumu vimechakaa. Gia ziingie bila kukwaruza. Kama ni gari la gia otomatiki, lisishtuke wala kutetemeka linapobadili gia.

Kisha mpeleke fundi wako alikague. Asiwe fundi wa muuzaji, wala wa dalali. Mlipe kazi yake hata ukiacha kununua. Ada ya fundi ni ndogo kuliko bei ya injini.

7. Soma karatasi

Hapa ndipo kisomo chetu kinatusaidia. Usiombe mtu mwingine akusomee. Soma mwenyewe.

Shika kadi ya gari. Soma jina la mwenye gari. Je, ndilo jina la anayekuuzia? Aonyeshe kitambulisho. Soma namba ya chesisi kwenye kadi, kisha isome kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Kama haifanani, au imekwanguliwa, ondoka.

Ukiambiwa kadi iko benki, au iko kwa ndugu mkoani, usitoe fedha. Huenda gari ni dhamana ya mkopo. Hakikisha kadi ni ya kweli katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Uliza pia kama gari lina faini za barabarani ambazo hazijalipwa.

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria na mashahidi. Lipa kwa njia ya benki ili ushahidi ubaki. Kisha badili jina la mwenye gari bila kuchelewa.

8. Baada ya kununua

Badili oili. Weka daftari la gari. Andika tarehe, kilomita, mafuta na matengenezo. Kama fundi amesema oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, nawe unakwenda kilomita 1,600 kwa mwezi, basi zamu ya oili ni kila baada ya miezi mitatu hivi.

Ndugu msomaji, muuzaji atakuambia: "Kuna mtu mwingine anakuja kulichukua leo jioni." Mwache alichukue. Haraka haraka haina baraka. Magari ni mengi, lakini fedha ulizozitolea jasho ni hizo hizo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini injini ikaguliwe ikiwa baridi?
2. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inatuonyesha nini?
3. Tairi limeandikwa 4121. Lilitengenezwa juma gani na mwaka gani?
4. Safari yako ni kilomita 25 kwenda na 25 kurudi, siku 20 kwa mwezi. Gari linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Utahitaji lita ngapi kwa mwezi?
5. Muuzaji anasema kadi ya gari iko kwa kaka yake mkoani. Utafanya nini, na kwa sababu gani?