Namba 18 ni pana kuliko 24: kusoma vipulizio vya kale vya tuba

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya ala za kupulizwa. Tuna siwa, baragumu, panda, zumari, mbiu na tarumbeta. Lakini mwombe mtu akutajie jina la kile kijikombe cha chuma ambacho mpiga tuba hukichomeka kwenye ala kabla ya kuanza kupuliza, uone atakavyokwama. Wengi husema ‘mdomo wa tuba’. Basi ukiambiwa kwamba mdomo umechubuka, utajuaje kama wa kupelekwa kwa fundi ni chuma au wa kupelekwa kwa daktari ni mwanabendi?

Pengo hili lina sababu. Siwa mashuhuri zinazohifadhiwa Lamu, ile ya pembe za ndovu kutoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe, hazichomekwi chochote. Mpulizaji hutia midomo kwenye tundu lililo ubavuni mwa ala. Kijikombe cha kuchomeka na kuchomoa kilitujia na bendi za kizungu, zile zilizozaa ngoma ya beni katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Ngoma ikapata jina, kijikombe kikasahauliwa.

Katika makala haya nitakiita kipulizio. Kutokana na kitenzi ‘kalia’ tunapata ‘kikalio’, na kutokana na ‘pulizia’ tunapata ‘kipulizio’ kwa njia iyo hiyo. Kauli ya kutendea inabeba wazo la mahali pa kupulizia, jambo ambalo ‘kipulizo’ halibebi. Anayependelea jina jingine na alete hoja.

Kwa nini tujishughulishe na kidude kinachotoshea kiganjani? Kwa sababu bendi nyingi za makanisa na shule hununua vyombo vilivyokwisha kutumika, na vipulizio ndivyo hupotea mwanzo. Anayetafuta kingine hukutana na muuzaji anayeapa kuwa alicho nacho ni ‘orijino’, cha zamani, cha Marekani. Akikosea, pesa za mchango zimekwenda na tuba itakuwa inalia kando ya sauti za wenzake. Kuna na kosa la upande wa pili ambalo hulizungumzii mpaka limekwisha kutendeka: kipulizio cha miaka mia moja kutupwa kwenye sanduku la vyuma chakavu kwa kuwa hakuna aliyeweza kukisoma.

Tuba yenyewe si kongwe sana. Hataza yake ilitolewa Prussia tarehe 12 Septemba 1835 kwa Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za kijeshi, na Johann Gottfried Moritz, fundi wa Berlin. Jina walilikopa kutoka Kilatini, ambako tuba ilikuwa tarumbeta ndefu iliyonyooka ya askari wa Roma. Katika bendi za shaba za Uingereza ala hii huitwa besi, si tuba. Kwa hiyo ukikuta kisanduku kimeandikwa besi ya E-flat, usikipite. Kilichomo ndani ndicho unachokitafuta.

Sasa tukipasue kipulizio. Sehemu inayogusa midomo ni ukingo. Ndani yake mna kikombe. Chini ya kikombe njia hubanana mpaka kwenye koo, kisha hupanuka polepole ndani ya shina, ile sehemu inayoingia kwenye bomba la ala. Tazama kwamba majina yote haya yametoka mwilini, jikoni na shambani, na hakuna hata moja lililohitaji kukopwa. Kikombe kirefu chenye umbo la faneli hutoa sauti nzito, yenye giza. Kikombe cha duara kama bakuli huikaza sauti na kuifanya isikike kwa wazi zaidi. Ukingo mpana humpumzisha mpigaji. Ukingo mwembamba humpa wepesi wa kuhama kutoka noti hadi noti, ila humchosha upesi.

Ushahidi wa kwanza ni maandishi yaliyogongwa nje ya kikombe. Chukua mfano wa Vincent Bach. Alizaliwa mwaka 1890 Baden, karibu na Vienna, akiitwa Vinzenz Schrotenbach (na hana nasaba yoyote na Johann Sebastian, ijapokuwa jina lilimsaidia kukumbukwa). Alikuwa mpiga tarumbeta kabla ya kuwa fundi, akaanza kukereza vipulizio New York mwaka 1918. Mwaka 1953 kiwanda chake kilihamia Mount Vernon, katika jimbo lilo hilo la New York. Mwaka 1961 aliiuzia kampuni ya Selmer, na katikati ya mwongo huo kazi ikahamishiwa Elkhart, Indiana. Kipulizio kilichogongwa ‘Mt. Vernon’ basi kinajitaja umri wake chenyewe, na wakusanyaji hukilipia zaidi kwa sababu ya maneno hayo mawili. Ndiyo maana nashauri maandishi yatazamwe kwa kioo cha kukuzia. Herufi za kweli zimegongwa kabla ya chuma kuchovywa fedha, kwa hiyo fedha imeingia mpaka ndani ya mikwaruzo yake. Zikionyesha shaba tupu ndani yake ilhali fedha pembeni ni nzima, uliza maswali.

Baada ya jina kuna namba, na hapa ndipo wengi hupotea. Kwa Bach, namba ikipanda upana unapungua: 18 ina upana wa milimita 32.5 hivi, na 24AW ni kama milimita 31.25. Kwa Schilke wa Chicago mambo ni kinyume: 69 ni pana kuliko 66. Herufi nazo zinazozana. Kwa Bach, A ni kikombe kirefu. Kwa Schilke, A ndicho kidogo kuliko vyote. Ile W ya Bach inahusu upana wa ukingo. Tunaweza kusema hizi ni lahaja mbili zenye msamiati mmoja na maana zinazopishana, kama vile neno moja linavyoweza kuwa salamu Mombasa na tusi kwingineko. Hakuna namba isomwayo bila kwanza kujua nani anasema.

Kuna na jina ambalo halisemi tena linachodai kusema: Helleberg. August Helleberg alipiga tuba katika bendi ya John Philip Sousa, na kampuni ya Conn ya Elkhart ikauza kipulizio chenye jina lake, kikombe cha faneli na ukingo mwembamba wenye makali. Kilipendwa mno hata viwanda vingine vikakiiga, na leo Helleberg ni umbo, si asili. Ni sawa na mteja dukani anayeomba ‘Colgate’ akapewa dawa yoyote ya meno naye akaridhika. Kwa hiyo neno Helleberg pekee halithibitishi kwamba kipulizio ni cha Conn, wala kwamba ni cha zamani. Tafuta jina la kampuni.

Je, kama hakuna maandishi? Vya kale vingi havina, hasa vile vilivyouzwa pamoja na ala. Hapo umbo la nje ndilo litakalosema: mabega ya kikombe, pete zilizokerezwa shingoni, unene wa ukingo. Mlinganisho ufanywe na kingine kinachojulikana, si na picha, kwa maana picha hupotosha kina.

Vipimo vinasaidia, lakini kwa tahadhari. Ukingo wa ndani haukukatwa wima. Umeviringana, ukiteremka kuelekea kikombeni. Anayepima juu kabisa atapata upana mmoja, na anayeshusha kalipa nusu milimita atapata mwingine. Viwanda navyo havikukubaliana mahali pa kupimia, ndiyo sababu vipulizio viwili vinavyodaiwa kuwa na milimita 32.5 hukaa mdomoni kama vitu viwili tofauti. Pima vyote wewe mwenyewe, kwa kalipa ileile, kwa kina kilekile, na orodha ya kiwanda uiweke kando. Koo ni rahisi zaidi: fundi wa jua kali atakupa vyuma vya keekee vya unene mbalimbali. Tumia upande laini wa nyuma, usioweza kukwaruza, na kile cha mwisho kupita ndicho kipimo. Koo pana isivyo kawaida, lenye alama za kukatwa, maana yake ni kwamba mtu alikwisha kulitoboa upya. Hilo halirekebishiki.

Shina ndilo linaloamua kama utapiga au utatazama tu. Kwa jumla kuna unene wa aina tatu: mwembamba wa Besson za zamani za Uingereza, wa kati wa Marekani, na mnene wa Ulaya. Tofauti kati yao haifiki hata milimita mbili, lakini yatosha. Shina jembamba huzama mno ndani ya bomba. Nene husimama nje na kutikisika, na katika hali zote mbili sauti hupotoka. Bendi zetu zilizorithi ala za Kiingereza, zikiwemo zile za Jeshi la Wokovu, ambalo lilikuwa na kiwanda chake lenyewe huko St Albans, ndizo zinazoumizwa zaidi na vipulizio vya Marekani vilivyonunuliwa kwa jina. Nenda sokoni na bomba lenyewe la kupokelea kipulizio kama linachomoka, au chukua kipimo cha tundu lake.

Mwisho wa shina uliobonyea usikutishe, fundi huunyosha kwa dakika chache. Fedha iliyobanduka ukingoni ni habari nyingine, kwani shaba iliyo wazi huwawasha baadhi ya watu midomo, na hao watalazimika kukichovya upya kabla ya kukitumia. Usikubali kisuguliwe kwa mashine kwanza. Msasa na gurudumu hula makali ya ukingo na kufuta herufi, na hapo kipulizio kitang’aa vizuri sana bila ya kuwa na jina.