Alama za vidole gumba kwenye sinia la bati

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na sinia moja la wageni. Lilikuwa la bati, lenye maua makubwa mekundu, na hakuna aliyethubutu kulichagulia mchele. Lilikaa juu ya kabati mpaka mgeni abishe hodi. Hapo lilishushwa, likafutwa, likawekwa soda mbili na bilauri mbili, nami nikalibeba kwa mikono miwili huku nikihesabu hatua. Miaka ilivyopita ua la katikati lilififia, ukabaki weupe wa bati pale pale chupa zilipozoea kukaa. Mama hakulitupa. Alisema sinia lililochakaa ni ushahidi kwamba nyumba ilipata wageni.

Nililikumbuka Jumapili moja asubuhi katika jimbo la Ohio, Marekani, kwenye soko la vitu vikuukuu lililopangwa uwanjani juu ya nyasi zenye umande. Juu ya meza ya mzee mmoja palikuwa na sinia la mstatili, tangazo la aiskrimu, lenye picha ya binti aliyevaa kofia pana. Nilimkazia macho binti. Mzee akalichukua taratibu, akalielekeza kwenye mwanga, akanionyesha mstari wa herufi ndogo kama sisimizi: American Art Works, Coshocton, Ohio.

“Wengi huanza na uso,” aliniambia. “Wewe anza na ukingo.”

Ushauri huo ndio ulionifungulia mlango. Coshocton ni mji mdogo, mahali mito ya Tuscarawas na Walhonding inapokutana na kuzaa Muskingum. Katika miaka ya 1880 mchapishaji wa gazeti mjini hapo, Jasper Meek, alikuwa na mtambo uliokaa bure kila gazeti likishatoka. Akamwendea mwenye duka la viatu na wazo: tuchape tangazo lako kwenye mikoba ya gunia, uwagawie wanafunzi. Watoto wakazunguka mji mzima na tangazo begani. Biashara ikashika, Meek akaanzisha kampuni ya matangazo, na mwenzake wa tasnia ya magazeti, Henry Beach, akaanzisha ya kwake. Mwaka 1901 waliunganisha nguvu, lakini hawakukaa pamoja muda mrefu. Walipoachana, mji ulibaki na viwanda viwili vinavyoshindana, na ushindani huo ulizaa baadhi ya masinia mazuri kuliko yote yaliyowahi kuchapwa. American Art Works ni jina ambalo kampuni ya Meek ilikuja kulichukua. Ndiyo maana ukingo una thamani kwa mkusanyaji: jina la kiwanda humwambia sinia ni la kipindi gani, hata kama hakuna mwaka ulioandikwa.

Bati lenyewe lina historia yake. Hadi mwaka 1890 Wamarekani walikuwa wakiagiza karibu bati lao lote kutoka Wales. Mwaka huo walipitisha sheria ya ushuru wa forodha iliyobeba jina la mbunge wa Ohio, William McKinley, aliyekuja kuwa rais. Bati la nje likapanda bei, na viwanda vya ndani vikaanza kuchipua. Wachapaji wa Coshocton wakawa na malighafi karibu na mlango wao.

Ila kupata bati ni jambo moja, kulichapa ni jambo jingine. Lithografia iligunduliwa Bavaria na Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18. Unachora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha unalilowesha. Maji na mafuta havipatani, kwa hiyo wino wa kuchapia unashika kwenye mchoro tu. Karatasi iliupokea wino huo bila shida. Bati lilikataa, kwa kuwa jiwe ni gumu na bati ni gumu. Mwaka 1875 Robert Barclay wa London alipata hataza ya mtambo wenye silinda ya kati: jiwe linaiachia silinda picha, nayo silinda inalikabidhi bati. Silinda hizo zikaja kuvikwa mpira, ambao hujilaza juu ya bati na kuacha rangi kila mahali. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ira Rubel wa New Jersey alitambua kwamba hata karatasi hutoka safi zaidi ikichapwa kwa mpira. Njia hiyo ikaenea kwenye vitabu na magazeti, pamoja na gazeti lako la wikendi. Bati ndilo lililotangulia.

Kila rangi ilihitaji jiwe lake. Bapa la bati lilipita mtamboni kwa rangi ya kwanza, likaingia tanuri kukaushwa, likarudi kwa rangi ya pili, na kuendelea hivyo mpaka shavu la binti likapata wekundu wake. Mwisho lilipakwa vanishi, ndipo mashine ikalikata na kuinua kingo. Yaani picha ilichapwa bati likiwa bado bapa, na mchoraji alipaswa kujua mapema litakunjwa wapi, pambo la pembeni lisije likapinda vibaya. Wengi wa mafundi hao hawakuandika majina yao popote.

Masinia hayo kampuni ziliyagawa kwa wenye baa na maduka, ili kila kinywaji kifike mezani kimelala juu ya tangazo. Coca-Cola, iliyoanza Atlanta mwaka 1886, ilitoa sinia lake la kwanza mwaka 1897. Baadaye zikaja sura za Hilda Clark, mwimbaji na mwanamitindo, na za Lillian Nordica, mwimbaji wa opera. Sinia la mwaka 1934 lina Johnny Weissmuller na Maureen O’Sullivan, Tarzan na Jane wa sinema. Viwanda vya bia vilichora majengo yao na farasi wa mikokoteni. Vilikuwepo pia visahani vidogo, vya kutosha kiganjani, ambavyo mteja aliwekewa chenji yake juu ya jina la bia au sigara.

Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1933. Viwanda vingi vya bia havikufunguliwa tena. Ndiyo sababu wakusanyaji huyatafuta sana masinia ya kabla ya 1920: mengine yanabeba jina ambalo halipo tena kwenye ukuta wowote.

Anayeanza asikimbilie kununua. Katika miaka ya 1970 Coca-Cola yenyewe ilichapa upya baadhi ya picha zake za zamani, na nakala hizo sasa zimeanza kuzeeka, kwa hiyo humchanganya mgeni. Beba kioo cha kukuzia. Kwenye masinia ya mwanzo utaona vidoa vilivyowekwa kwa mkono, visivyolingana. Kwenye nakala vidoa vimejipanga sawasawa kama askari kwenye gwaride. Linganisha vipimo na yale yanayojulikana kuwa halisi, soma ukingo, geuza mgongo. Ukishalipata, usilisugue kwa sufi ya chuma wala kuliweka juani. Na kama unaishi pwani, kumbuka hewa ya chumvi haina huruma na bati: likishakwaruzika, kutu huingilia hapo.

Bei sokoni hufuata usafi. Sinia ambalo halikuguswa, lililokaa miaka yote kwenye karatasi yake stoo, hupewa heshima ya juu na fedha nyingi. Naelewa sababu, kwani rangi zake ndizo walizoziona mafundi siku lilipotoka tanurini. Lakini sinia hilo halikuwahi kumfikia mgeni hata mmoja. Halikupeleka aiskrimu kwa mtoto siku ya joto. Kazi liliyotengenezewa halikupewa, na mimi siwezi kulipenda kama lile lililofanya kazi.

Nilimwomba mzee sinia lake la aiskrimu. Aliniuzia kwa bei ndogo, akiniomba radhi kwa hali yake: kofia ya binti ilikuwa na mikwaruzo ya duara, duara juu ya duara, ilikokuwa ikitua miguu ya bilauri. Nilipolishika kuondoka nalo niliona jambo ambalo hakulitaja. Kwenye kingo mbili fupi, kushoto na kulia, rangi ilikuwa imelika mahali pamoja tu kila upande, upana wa kidole gumba. Vidole vyangu vilikuwa tayari vimekaa hapo hapo. Nikajikuta navuka uwanja ule wenye umande nikihesabu hatua.