Usiulize Kwanza Jina la Mjozi

Mafundi wa bunduki za uwindaji Ulaya na Marekani wamekuwa wakibishana kwa muda mrefu ni mjozi upi unaofaa zaidi kwa kitako cha bunduki, na mara nyingi mabishano yao yanahusu majina tu. Mbao zinazouzwa kama mjozi wa Kifaransa, wa Kituruki, wa Kiingereza au wa Kaukazi zote hutoka kwenye spishi moja, Juglans regia. Mti ni mmoja, bei ni nyingi. Mshindani wake wa kweli ni mjozi mweusi wa Amerika Kaskazini, Juglans nigra, na hata hapo tofauti si kubwa: mita moja ya ujazo ya mbao kavu ya regia ina takriban kilo 640, na ya mjozi mweusi takriban kilo 610. Vipande viwili vya spishi ileile, kimoja kutoka mti uliokua polepole na kingine kutoka mti uliokua haraka, vinaweza kupishana zaidi ya hapo.

Kinachoamua ubora wa kitako ni mwelekeo wa nyuzi na ukavu wa ubao. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, nazo hutanuka na kusinyaa bila usawa. Mjozi mweusi, kutoka ubichi hadi ukavu kamili, husinyaa takriban asilimia 7.8 kufuata pete za ukuaji na asilimia 5.5 kutoka kiini kuelekea gome, ilhali kwa urefu wa nyuzi haufikii hata asilimia 1. Kwa hiyo nyuzi zikinyooka sambamba na mtutu, kitako hubaki na urefu wake mvua ikinyesha au jua likiwaka. Zikikata mshazari, ule msinyao wa upana huingia kwenye urefu, sehemu ya mbele hupinda na kuusukuma mtutu, na risasi huanza kutua pengine. Hatari kubwa zaidi iko shingoni, pale pembamba panaposhikwa na mkono wa kufyatulia. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, nguvu yote hupitia hapo. Nyuzi zikiwa zimekatiza shingo badala ya kuifuata, mbao hupasuka kama kuni chini ya shoka. Hakuna jina la nchi linaloweza kuzuia hilo.

Wapo watakaosema spishi zina tofauti zake, na wana haki. Regia hushikamana vizuri, hivyo huchongeka nakshi ndogondogo za kushikia bila kumeguka. Mjozi wa California, Juglans hindsii, una rangi za kuvutia lakini kwa kawaida ni laini zaidi na hutaka nakshi kubwa. Hata hivyo, tazama majeshi, ambayo hayakununua kwa ajili ya urembo. Jeshi la Marekani lilitumia mjozi mweusi kwa bunduki ya M1 Garand, ilhali nje ya majeshi mafundi wa bunduki za kifahari wa London walishikilia regia, na zote zilifanya kazi. Ujerumani nayo ilihamia kwenye tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi kwa bunduki zake za Mauser 98k, na vitako hivyo, ingawa vizito na visivyopendeza macho, vilistahimili unyevu vizuri kwa sababu kila tabaka huizuia jirani yake kupinda.

Ugumu peke yake nao hausaidii. Mpingo wetu ni mgumu kupita mijozi yote, lakini huzama majini. Nani angebeba kitako kama hicho porini siku nzima? Hoja yenye uzito zaidi ni ya plastiki na nyuzi za kioo, ambazo hazijali mvua. Kwa anayewinda kwenye theluji na matope, nakiri, hizo ndizo chaguo la busara. Anayetaka mbao atafute regia kwa bunduki yenye nakshi ndogondogo, na mjozi mweusi kwa bunduki ya kazi. Mawimbi ya rangi, ambayo hutokea pale nyuzi zinapojipinda karibu na shina la chini au kwenye panda ya matawi, yabaki nyuma, kwenye sehemu pana inayogusa bega. Shingoni na mbele nyuzi ziwe zimenyooka. Kabla ya kulipa, geuza ubao utazame pande zote, kisha uliza umekaushwa vipi na kwa muda gani. Muuzaji asiyekuwa na jibu, mrudishie ubao wake.