Katuni iliyowapeleka watoto hospitalini

Huenda mwanao anampenda Pikachu, yule mnyama wa manjano wa katuni za Pokémon ambaye umbo lake lilibuniwa na Atsuko Nishida wa Japani. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, watoto wa Japani walikuwa wakimtazama akilipua makombora kwa umeme wake. Mlipuko huo ulionyeshwa kwa mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana takriban mara 12 kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walikimbizwa hospitalini kwa ambulensi, baadhi wakiwa na degedege ilhali hawakuwa wamewahi kuugua kifafa.

Ubongo wa watu wachache hushtushwa na mwanga unaowaka na kuzima haraka, hasa mwekundu.

Kwa hivyo washa taa sebuleni, umketishe mtoto mbali na runinga. Mwanga ukimsumbua, azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho hakutoshi, kwani mwanga hupenya kope.

Degedege likimshika, mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, hata nyanya yake akisisitiza. Likizidi dakika 5, mkimbize hospitalini.